Bibi DC, friza la Stendi na pumzi ya Kepteni

Msomaji mwenzangu, kama una mke, watoto, mama mkwe na shemeji, na wote wanakupenda kwa wakati mmoja, basi wewe ni ndugu yangu na kisa hiki kinakuhusu. Nyumba yetu iko upande wa Ilembula, wilayani Wanging'ombe. Makao makuu ya wilaya yako Igwachanya, lakini makao makuu ya nyumba yetu ni kigoda kilichoko jikoni, jirani na mafiga, anapokaa mama mkwe wangu. Tunamwita Bibi DC. Cheo hicho alikipata siku mabwana wawili walipokuja kugombana uani kwake juu ya mpaka wa shamba, yeye akakohoa mara moja tu, wakaondoka wameshikana mikono.

Mke wangu ni Waziri wa Fedha, kwa kifupi Waziri. Mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, ni Stendi, kwa sababu anauza samaki Makambako karibu na stendi ya mabasi, na habari za abiria wa Songea, Mbeya na Dar es Salaam humfikia kabla basi halijazima injini. Binti yetu mkubwa, Upendo, anaitwa Redio, na sina haja ya kueleza. Wa mwisho ni Kepteni, nahodha wa timu ya darasa lake, mwembamba, mbishi, mpenda mpira kuliko chakula. Kepteni ana kisukari aina ya kwanza.

Ukitaja kisukari huku kwetu, watu wengi wanamfikiria mzee mwenye kitambi na gari. Mtoto wa shule ya msingi hawamfikirii kabisa. Bibi DC mwenyewe alisema kwa muda mrefu kwamba ni soda za sherehe za kipaimara ndizo zilizomletea mjukuu wake balaa, na mama wa kipaimara kile hajapata salamu nzuri mpaka leo. Soda hazihusiki. Katika aina hii ya kwanza, kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Zikiisha, insulini imeisha, na mtoto ataihitaji ya kuchomwa kila siku ya maisha yake.

Tulivyogundua ni habari ya godoro. Kepteni alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani zamani, na alikuwa akijivunia jambo hilo mbele ya binamu zake. Alipokuwa darasa la pili akaanza upya. Bibi DC akatoa amri: marufuku maji baada ya jua kuzama. Mtoto akatii kwa mdomo, lakini usiku tulikuwa tunasikia kopo likigonga ndoo ya maji ya kuogea. Waziri ndiye aliyeamka, akawasha tochi, akamkuta amepiga magoti pale anakunywa kwa pupa, kaptura inamvuka kiunoni kwa kukonda. Hakusubiri kuche vizuri. Hospitali walimtoboa kidole, wakapata jibu kwa tone moja la damu.

Nchini Italia, katika mji wa Parma, madaktari waliwahi kufanya jambo ninalotamani lifanyike kila shule ya Njombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibandika mabango mashuleni yakiwaambia wazazi na walimu: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, huku ana kiu isiyoisha na anakonda, apimwe sukari. Kabla ya hapo, asilimia 78 ya watoto wa eneo hilo waliokutwa na kisukari walifika hospitali wakiwa tayari kwenye hatari kubwa iitwayo ketoasidosisi. Baada ya mabango, ikashuka mpaka asilimia 12.5. Bango tu, ndugu yangu, karatasi ukutani! Kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto wa kliniki ya Muhimbili ulikuta kwamba wengi wao waligundulika wakiwa wameshafika kwenye hali hiyo. Na hao ndio waliofika Muhimbili. Kuna waliotibiwa malaria au minyoo, au waliosemekana wamerogwa, na hawakufika popote.

Sisi mara ya kwanza tuliponea kwenye ndoo ya kuogea. Ketoasidosisi ilitukuta baadaye, nyumba ikiwa imejaa wataalamu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za kwetu ambazo hazina adabu. Radi ikapiga, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, friji letu likatoa moshi kidogo na kunyamaza moja kwa moja. Ndani mlikuwa na vichupa vya insulini vya akiba. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kikishafunguliwa kinaweza kukaa nje kwenye kivuli kwa takriban wiki nne, ilimradi pasiwe na joto kali. Waziri akaitisha kikao. Kliniki walishatufundisha habari ya chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, juu kitambaa kibichi. Bibi DC alikuwa na vyungu viwili vya kufaa kabisa, lakini kimoja kilikuwa na mbegu za maboga na kingine kilikuwa urithi kutoka kwa mama yake, hakiguswi. Stendi, aliyekuja na samaki wa zawadi, akainua mkono: "Mimi nina friza Makambako. Niachieni hiyo kazi."

Shemeji yangu ana moyo mpana. Akivichukua vichupa vile alivifunga kwenye leso yake safi kuliko zote. Alivirudisha wiki iliyofuata, kichupa cha kwanza kikaanza kutumika, na hapo sukari ya Kepteni ikaanza kupanda ngazi. Asubuhi 13, jioni 18, keshoye 20. Tukahesabu wahalifu. Mafua yalikuwapo, na kweli mwili ukiumwa sukari hupanda. Ulanzi pia ulikuwapo, kwa kuwa mwezi wa tatu mianzi imejaa, na Bibi DC hamnyimi mgonjwa kikombe cha mtogwa. Kwake ule ulanzi mpya mtamu ni maji ya mti, hauna hesabu na soda. Waziri alimweleza kwa heshima zote kwamba utamu ule ni sukari. Bibi akajibu kwamba yeye amelea watoto wanane kwa mianzi na hakuna aliyeonewa.

Siku yenyewe mimi nilikuwa Makambako na magunia ya viazi, nabishana na mnunuzi aliyetaka lumbesa kwa bei ya gunia. Waziri alikwenda Igwachanya kwenye kikao cha kikundi chao cha kuweka na kukopa, na ukiwa mweka hazina hukosi kikao. Nyumbani alibaki Bibi DC na serikali yake yote.

Kepteni aliamka anatapika. Uji akaukataa, viazi akavikataa, tumbo linauma. Saa ya sindano ilipofika, Redio, ambaye amefundishwa na anachoma vizuri kuliko mimi, akachukua bomba. Bibi akasimama mlangoni.

"Mtoto hajala kitu. Hiyo dawa ni ya kushusha sukari. Ishuke iende wapi?"

"Bibi, kliniki walisema hata asipokula haiachwi."

"Kliniki hawapo hapa. Nipo mimi."

Hoja ya Bibi ukiisikia inaingia akilini, ndiyo maana imewaponza watu wengi. Sote tumeshaona sukari ikishuka mno, mtoto anatoka jasho na kutetemeka, na hofu ile haisahauliki. Lakini mwili wa mgonjwa wa aina ya kwanza unahitaji insulini hata usipotiwa tonge, kwa sababu ini linaendelea kumwaga sukari yake lenyewe, na ugonjwa unalisukuma limwage zaidi. Siku ya kuumwa mara nyingi insulini inayohitajika huongezeka. Kinachotakiwa ni kupima kila baada ya saa chache, kunywa maji kwa wingi, kupiga simu kliniki waseme kiasi gani cha kuchoma, na kuangalia ketoni. Kuiacha kabisa ni kumfungulia mlango adui.

Redio akashindwa ile kesi. Hakuna aliyewahi kushinda kesi kwa Bibi DC, hata mpwa wetu aliyesomea sheria.

Mchana Kepteni akaanza kuhema. Pumzi ndefu, za ndani, za haraka, utadhani ametoka kukimbia mpira, naye amelala. Mwaka 1874 daktari Mjerumani aitwaye Adolf Kussmaul aliieleza pumzi ya namna hiyo kwa wagonjwa wa kisukari waliokaribia kufa, na mpaka leo madaktari wanaiita kwa jina lake. Bibi DC akaiita nimonia. Akachemsha majani ya mkaratusi, akaweka sufuria chini ya kiti, akamfunika mjukuu na blanketi zito ajifukize. Na kwa vile mtoto hakuwa na nguvu ya kukaa wima, Redio akaingizwa naye humo ndani amshikilie.

Ndugu yangu, kaa na picha hiyo: mvuke, mkaratusi, blanketi, watoto wawili. Ghafla blanketi likafunuka, Redio akatoka jasho linamtiririka, akapaza sauti mpaka kwa jirani: "Bibi! Kepteni mdomoni ananuka dawa ya kutolea rangi ya kucha!"

Jikoni pakawa kimya. Bibi DC akaweka mwiko chini polepole. "Wewe dawa hiyo umeijulia wapi?"

Hapa kwetu kupaka rangi ya kucha kabla ya kumaliza kidato cha nne ni kosa lililotungiwa sheria na Waziri mwenyewe. Uchunguzi ukaanza palepale. Redio akakaguliwa vidole vya mikono, vikawa safi. Akavuliwa soksi. Kumi vyote vyekundu! Kesi ikawa inaendelea, na Kepteni anahema kwenye kiti, mpaka Waziri alipoingia akitoka Igwachanya. Mashtaka akasomewa yeye. Akasikiliza nusu tu, ile ya harufu, ya kucha akaiacha hapo.

Kwa sababu Redio hakukosea hata kidogo. Kimiminika kile cha kutolea rangi ya kucha mara nyingi ni asetoni, na asetoni ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye pumzi ya mtu aliyejaa ketoni. Si kila mtu huisikia. Redio alikuwa na pua iliyofanya mazoezi.

Waziri akamtoboa mtoto kidole. Kile kimashine cha sukari hakikuandika namba, kiliandika HI, yaani sukari imepita kiwango chake cha kusoma, ambacho kwa mashine nyingi ni 33.3. Akanipigia simu. Nikaacha viazi kwa mnunuzi, bei akapanga yeye. Stendi akanipakia kwenye kirikuu chake cha samaki, tukashuka kupitia Halali na mvua inatupiga usoni, kwa kuwa kioo cha upande wangu hakipandi. Huku nyuma Waziri alikodi bodaboda, Kepteni katikati yake na dereva. Bibi DC akataka bodaboda yake. Akapanda na kikapu chenye hotpoti ya uji, kanga mbili, tochi na kuku mmoja hai. Kuku wa nini, hakuna aliyeuliza.

Hospitali hawakupoteza muda. Mkojo ukachovywa kijiti, kikageuka zambarau iliyokolea. Wakamtundikia dripu ya maji ya chumvi kwanza, kwa sababu mtoto aliyekojoa na kutapika kiasi kile amekauka ndani. Kisha insulini, kidogo kidogo, wakipima sukari kila saa. Wakaongeza potasiamu, kwani insulini ikianza kazi huivuta potasiamu kutoka kwenye damu kuiingiza kwenye chembechembe, na ikipungua sana moyo unaweza kusimama.

Bibi DC alivumilia, halafu akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: kwa nini wasimpe dawa yote mara moja apone? Muuguzi wa zamu, dada mmoja mpole, akamjibu kwamba kwa mtoto, mambo yakibadilika haraka mno, ubongo unaweza kuvimba, na hapo ndipo wengi hupotea. Akavuta kiti, akamsalimia upya, "Kamwene, bibi," akamweleza kwa Kibena. Alimwambia afikirie ghala la kuni limejaa pomoni, lakini ufunguo umepotea. Baridi kali. Watu wa nyumba wanaanza kuchoma viti, kisha mlango, kisha madirisha. Moto unawaka, ila moshi wa rangi na gundi unawaziba wote pumzi. Kuni ni sukari, ufunguo ni insulini, viti ni mafuta ya mwili, na moshi ni ketoni, ambazo zikijaa hugeuza damu kuwa na asidi. Ile pumzi ya haraka ni mwili unajaribu kuutoa moshi.

Bibi DC akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe ufunguo niliushika mimi mlangoni." Waziri akamshika mkono. Muuguzi akasema hapana, bibi, kuna jambo jingine, maana sukari ilikuwa inapanda kabla ya leo. Akatugeukia. "Insulini mnaitunza wapi?"

Stendi akajibu kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu: "Hapo usiwe na shaka, sista. Niliiweka friza, chini kabisa, chini ya samaki wa Mtera. Iliganda vizuri sana."

Insulini iliyoganda imekufa. Hata ikiyeyuka ikarudi kuonekana nzima, nguvu yake haiaminiki tena, inatupwa. Muuguzi akaomba kichupa, Waziri akakitoa mkobani. Ilikuwa ile insulini ya ukungu, ambayo kabla ya kuvutwa huviringishwa taratibu kati ya viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa. Akaiviringisha, akaiinua kwenye taa. Vipunje vilikuwa vimegandia kwenye kioo. Tulikuwa tunamchoma mtoto maji. Shemeji yangu, mwanamume anayebeba kreti ya samaki begani, akatoka nje akasimama mvuani, na mimi nikatoka nikasimama naye.

Usiku ule, wakati wengine wamesinzia, mawazo yangu yalikuwa kwa kijana aitwaye Leonard Thompson wa Toronto, Kanada. Mwezi wa kwanza mwaka 1922 alikuwa na miaka 14 na uzito wa kilo zisizofika 30, akielekea kufa kwa hali hii iliyokuwa imemlaza Kepteni. Sindano ya kwanza aliyochomwa, iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best, haikuwa safi na haikumsaidia sana. James Collip akaisafisha, wakamchoma tena siku chache baadaye, sukari ikashuka na ketoni zikaondoka. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo mzazi aliyeketi nilipoketi mimi hakuwa na la kufanya ila kuhesabu pumzi. Nilipoiangalia ile dripu ikidondoka nilimshukuru Mungu kwa watu hao, kwa majina, mmoja mmoja.

Alfajiri Kepteni akafumbua macho akauliza kama Yanga wameshinda. Stendi akajibu upesi wameshinda, na yeye ni Simba wa kufa.

Tuliporudi nyumbani utawala ulikuwa umebadilika. Bibi DC alimwaga mbegu za maboga kwenye ungo bila kuombwa, akakitoa na chungu cha urithi, akavipanga kimoja ndani ya kingine, mchanga akauchekecha yeye mwenyewe. Sasa mchanga ule hamwagii maji mtu mwingine. Ulanzi umehamia kwa jirani. Kepteni akipiga chafya mbili Bibi anadai kimashine, akitapika mara moja anataka simu ya kliniki, na saa ya sindano ikifika husimama mlangoni palepale, safari hii ili mtu asitoke nje kabla haijachomwa. Juzi alimzuia mchungaji aliyekuja kutuombea, akamsubirisha mpaka bomba likawekwa chini.

Waziri alitaka kuendelea na kesi ya kucha. Bibi DC akakohoa mara moja. Redio sasa anapaka rangi hadharani, mikono na miguu, na kichupa chake cha asetoni kimewekwa rasmi kwenye kabati la dawa, ili kila mwananyumba ainuse na kuijua. Hata mimi nimenusishwa.

Insulini ya Kepteni hatuinunui. Kliniki za watoto wenye kisukari hapa nchini zinasaidiwa na Chama cha Kisukari Tanzania pamoja na mipango ya nje, ukiwamo ule wa Life for a Child ulioanza mwaka 2000, na mtoto akiandikishwa hupata dawa na vijiti vya kupimia. Kazi ni kufika. Kliniki ijayo ni mwezi huu mwishoni. Nilishapanga kumpeleka mimi, nikapiga na pasi shati, lakini Bibi DC ametangaza kwamba atakwenda yeye na Kepteni, Stendi atawaendesha, na kuku wa muuguzi ameshachaguliwa. Mimi nimepangiwa kubaki na viazi.